Mgonjwa wa Kesi ya Ijumaa

Nilimwona Philbert kabla yeye hajaniona, na kitu cha kwanza kilichonijia akilini ni kurudi wodini nikajifiche kwenye chumba cha mashuka.

Ilikuwa Jumamosi, saa sita na nusu mchana, muda wa kuona wagonjwa. Watu walikuwa wanapita na mabakuli yao ya chakula na chupa za chai, na yeye alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji nje ya wodi ya upasuaji ya wanawake, begi limelala miguuni, koti la baridi ya Iringa limefungwa mpaka shingoni ingawa Mbeya siku hiyo jua lilikuwa linawaka. Mwanaume niliyempenda miaka miwili na nusu alikuwa amepanda basi tangu alfajiri bila kuniambia. Siku nyingine yoyote ningemkimbilia na sare zangu nyeupe, watu waone wachoke. Siku hiyo nilisimama palepale mlangoni.

Kilichomleta nilikijua. Jana yake jioni alinitumia ujumbe: “Mgonjwa wa kesi yako ana kovu mkono upi?” Nikajibu, “Wa kulia. Mbona?” Hakunijibu. Asubuhi nikakuta ujumbe wa pili: “Mama hayupo Rujewa.” Niliusoma mara tano ndipo nikauelewa, na tangu hapo sindano zote nilimwomba mwenzangu anisaidie kuchoma.

“Kamwene,” nikamwambia. Ndivyo tulivyokuwa tunasalimiana, mimi mtoto wa muuza vitambaa wa Mbeya nikijitia Uhehe, na yeye siku zote hucheka. Hakucheka.

“Ni yeye?”

“Phil, umekula?”

“Kudra. Nimekuuliza.”

Niseme ukweli wangu mapema, nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo. Kiingereza cha wodini si kile cha sekondari. Mgonjwa anakueleza shida yake kwa Kiswahili, au kwa Kisafwa na jirani wa kitandani anakutafsiria, na asubuhi kwenye raundi unatakiwa usimame mbele ya madaktari umweleze mgonjwa huyohuyo kwa Kiingereza chenye maneno marefu kuliko jina la babu yako. Mwaka wa kwanza nilisimama hivyo nikasahau hata namna ya kusema “leo asubuhi”. Walicheka. Nililia chooni mpaka raundi ikaisha. Tangu hapo nikawa na mwalimu simuni, programu ya akili mnemba ambayo sisi wanafunzi tuliibatiza Sista Mnemba. Unamwandikia habari za mgonjwa kwa Kiswahili chako cha kuungaunga, anakurudishia kwa Kiingereza cha kitabibu, halafu anajifanya daktari bingwa na kukuhoji. Ukikosea hakucheki. Hilo tu lilitosha nimpende.

Philbert alikuwa anasomea utabibu Iringa, mimi uuguzi Mbeya. Yeye ndiye aliyeanzisha kundi letu la WhatsApp, wanafunzi kumi na wanane wa vyuo viwili, na humo ndimo tulimojuana, tukianza kwa kusahihishana Kiingereza tukaishia tulikoishia. Kila Ijumaa mmoja wetu alileta kesi aliyoipitisha kwa Sista Mnemba, wengine wakaichambua. Sheria aliitunga Philbert mwenyewe. Jina la mgonjwa lisitajwe, lakini mtu awemo: anafanya kazi gani, amepita wapi, ugonjwa wake anauitaje kwa mdomo wake. “Kesi isiyo na mtu ndani ni maiti,” alikuwa anasema, na kesi zangu alizisifia kuliko za wote.

Ijumaa hiyo zamu ilikuwa yangu. Nikaandika habari za mama wa kitanda cha tisa. Mkulima wa mpunga, miaka hamsini na sita, mjane, kovu refu la mkanda wa mashine ya kukoboa mkono wa kulia, uvimbe kwenye titi la kushoto alioufunika na kanga miaka miwili, akiuita “mgeni”. Kabla ya kunijibu, Sista Mnemba aliniuliza kama nimeondoa taarifa zote zinazoweza kumtambulisha mgonjwa. Nikaandika ndiyo. Jina nilikuwa nimeliondoa, nikaona kazi imekwisha. Tumekuzwa hivyo sisi. Ukishaficha jina la mtu unaona umemficha mtu mzima.

“Watu wenye makovu ya mashine ni wengi,” nikamwambia Philbert. “Huko kwenye mpunga kote wamejaa.”

“Ni wengi. Lakini mama yangu hataji ugonjwa kwa jina. Malaria ni mgeni. Baba alipougua kifua mpaka akaondoka, ilikuwa mgeni. Sijasikia mtu mwingine anasema hivyo, hata kwetu Idodi.” Alikuwa anasema polepole, macho yake yamekaa kwenye mlango wa wodi. “Siku kumi zilizopita aliniaga anakwenda Rujewa kwa mjomba Aroni kusaidia kuvuna. Jana nimempigia mjomba. Hajamwona tangu Pasaka.”

“Huenda simu yake…”

“Kudra, sijaja kugombana. Sema siyo yeye. Sema tu, nanyanyuka sasa hivi narudi Iringa.”

Bado nilikuwa na tumaini dogo, la kijinga. Mgonjwa wangu alisema anatoka Rujewa. Na picha moja ya mama yake niliyowahi kuonyeshwa ilikuwa ya siku ya kipaimara cha Philbert, mama mnene mwenye mashavu. Mgonjwa wangu alikuwa mifupa na macho.

“Mama yako anaitwa nani?” nikamuuliza.

Alishangaa, nami nilishangaa. Miaka miwili na nusu ya kupendana, ya kununiana na kupatana, na sikuwa nimewahi kulisikia hilo jina. Lakini nani anamtaja mama yake kwa jina? Alikuwa “mama” tu. Mama kasema hivi, mama kakataa, mama amesema binti wa Kiislamu hapana.

“Verediana,” akasema. “Verediana Saulo, kwa jina la babu.”

Niligeuka nikajifanya naangalia saa. Jina hilo nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi ya joto la mwili asubuhi ileile.

“Siwezi kukwambia ndiyo wala hapana,” nikasema. “Habari za mgonjwa ni za mgonjwa. Hata wewe umefundishwa.”

“Watu kumi na wanane wanajua mgonjwa wako ana nini,” Philbert akasema. “Hata Ombeni wa kundini, yule wa kule Tukuyu, anajua. Sheria inanikataza mimi peke yangu?”

Alinyanyuka, akachukua begi. Nikasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaweka kiganja changu kifuani kwake hadharani, mimi ambaye baba yangu, Mzee Abdulkarim, angesikia angefunga duka.

“Kaa. Tuchukulie ni kesi,” nikasema.

“Nini?”

“Kesi, kama za Ijumaa. Huenda si ya mtu unayemjua. Mgonjwa amekataa kisu siku tano. Mara moja ameshuka kitandani, tukamkuta getini na kiroba chake. Jumatano amekubali, kwa sharti moja: watoto wake wasijue mpaka aamke. Amesema wakijua kabla, anaondoka na harudi. Upasuaji ni Jumatatu asubuhi. Daktari anasema akiondoka safari hii, akirudi baadaye hakutakuwa na cha kukata. Sasa ndugu amefika Jumamosi, yuko mlangoni. Ndugu afanye nini?”

Philbert alikaa.

“Ndugu ni nani kwake?”

“Mtoto wake wa kwanza.”

“Anaogopa,” akasema.

“Nesi naye anaogopa.”

“Na huyo nesi, alimwahidi mgonjwa kwamba watoto hawatajua?”

“Alimwahidi. Alimshika mkono akamwahidi.”

“Halafu akaandika.”

“Halafu akaandika,” nikasema.

Akanitazama. Nimeshatazamwa na Philbert kwa namna nyingi. Kuna ya kunitania, kuna ile ya stendi basi linapoanza kuondoka, ambayo niliishi nayo wiki nzima kila alipoondoka. Hii sikuwa naijua. Ilikuwa ya mtu anayejaribu kukumbuka alikuona wapi.

“Nilipanga Krismasi nikupeleke nyumbani,” akasema. “Nilimwambia mama, mwone kwanza halafu ndio ukatae. Nilikuwa nakusifia wewe una watu moyoni, siyo kama sisi tunaokimbilia majibu. Kama ni yeye humo ndani, Kudra, sijui kama nitaweza kukutazama tena.”

Iliniuma, na sikujitetea. Ningeweza kumkumbusha nani alitunga sheria ya Ijumaa. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini sura yake ilikuwa imeshajikumbusha yenyewe, na mtu aliyeanguka humwambii kwamba amejikwaa.

“Nipe robo saa,” nikasema. “Usivuke huu mlango. Robo saa, Phil, halafu ufanye utakalo.”

“Unakwenda kufanya nini?”

“Kumwomba ruhusa.”

Niliingia. Kila kitanda kilikuwa na wageni wake, watu wanacheka, wanamenya ndizi. Kitanda cha tisa, Mama Verediana alikuwa ameketi ameupa ukuta uso, kanga mabegani, asionekane kuwa hana wa kumwona. Aliposikia hatua zangu akageuka.

“Sista wangu,” akasema. “Leo umenisahau. Nani atanifumua hizi nywele, au wataniingiza huko na mabutu yangu?”

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, jambo tunalokatazwa.

“Mama, nimekukosea.”

“Umenipa dawa ya mwenzangu?”

“Ni zaidi ya hapo.” Nikamweleza, kwa maneno mafupi kwa sababu marefu yalikuwa hayatoki. “Sisi wanafunzi tuna programu kwenye simu, inatufundisha Kiingereza cha hospitali. Niliiandikia habari zako ili nijifunze. Halafu nikazituma kwa wanafunzi wenzangu. Sikutaja jina. Lakini mmoja wao amekutambua.”

“Nani wa kunitambua mimi huku Mbeya?”

“Philbert.”

Vidole vyake vikakamata shuka. Hakupiga kelele. Kuna woga unaopiga kelele na kuna ule unaokaa kimya. Wake ulikaa kimya, na wangu ukauiga.

“Philbert umemjuaje wewe?”

Nilitamani kusema tunasoma pamoja, basi. Lingekuwa kweli. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa na ukweli nusu.

“Mimi ndiye yule binti wa Mbeya,” nikasema. “Niliyekataliwa.”

Mama alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu. Halafu akainama, akavuta kiroba chake kutoka uvunguni, akakipakata. Akashusha mguu mmoja sakafuni, akaanza kutafuta ndala kwa kidole gumba. Nilimwona anakufa. Nasema ninavyomaanisha: nilimwona barabarani na kiroba hicho, nikamwona Idodi amelala, na Philbert mlangoni. Na bado sikumzuia. Nilikuwa nimeshamnyang’anya siri yake, nisingeweza kumnyang’anya na miguu.

Ndala moja aliipata. Ya pili ilikuwa imeingia ndani sana. Akaacha kuitafuta.

“Hiyo programu yenu,” akasema, “uliiambia nini?”

“Umri wako. Kovu. Mgeni ana ukubwa gani, alikuja lini. Unalima nini.”

“Uliiambia kwamba naogopa?”

“Hapana, mama.”

“Kwa nini?”

“Haikuuliza.” Machozi yalikuwa yameshanifika. “Na mimi sikukuuliza.”

“Basi hamkunijua, wewe na simu yako.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemrekebisha mtoto kidogo. “Unafikiri nimewaficha watoto kwa kuwa mimi jasiri. Baba yao alipokuwa anaondoka, huyu Philbert alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikaa mlangoni ananitazama usoni mimi, siyo baba yake, mimi. Kila dakika. Ili ajue kama sasa ndio alie. Miezi minne sikuweza hata kuogopa, mwanangu, kwa sababu ya yale macho. Safari hii nilitaka niogope peke yangu, nimalize, nisitazamwe na mtu.”

Kitanda cha jirani walikuwa wanaomba kwa sauti, ndugu wote wameinamisha vichwa. Tukanyamaza mpaka wakasema amina.

“Na wewe kukukataa,” akaendelea, “usidhani nawachukia Waislamu. Naogopa tu wajukuu zangu watazikwa wapi. Mimi naogopa vitu vingi. Sijawahi kumwambia mtu.” Akajipangusa uso kwa pindo la kanga. “Yuko wapi?”

“Nje, kwenye benchi.”

“Analia?”

“Hajalia.”

“Amekula?”

“Hajala.”

Akashusha pumzi. Kiroba bado kilikuwa mapajani, ndala moja mguuni, mguu mwingine mtupu juu ya sakafu ya baridi. Nilihesabu pumzi zangu. Kuna siri nyingi nimewahi kumwomba Mungu azifunike; siku hiyo nilimwomba tu mguu ule urudi kitandani.

“Mwite,” akasema. “Lakini mwambie asinitazame usoni. Akae upande wa huku, aangalie dirisha. Akinitazama naondoka, mbele yake na mbele yako. Na wewe usiingie naye. Habari yako na mwanangu sijaimaliza, na siimalizi leo.”

Philbert alikuwa amesimama. Aliniona natoka, akasoma uso wangu, lakini uso si neno. Muda wote alikuwa ameniomba nimwambie, na muda wote nilikuwa nimekataa. Sasa nilikuwa nimepewa ruhusa, na nikagundua kwamba nilikuwa naiogopa ruhusa hiyo kuliko kitu chochote.

“Phil,” nikasema. “Mama yako anakuita.”

Akakaa tena. Akafunika mdomo kwa kiganja.

“Nilikuwa bado natumaini umekosea,” akasema kupitia vidole. “Njia nzima kwenye basi. Nimefika Makambako nikajiambia, Kudra ataniona mjinga, tutacheka.”

“Anasema usimtazame usoni. Kaa upande wa dirishani, uangalie nje.”

Hakuuliza kwa nini, na nadhani alijua. Alijipangusa, akafungua koti lile mpaka chini, akaingia. Alipita karibu kiasi cha kunigusa bega, na hakunitazama.

Nilibaki kwenye benchi. Nikafungua simu nikaifuta kesi kwenye kundi, ingawa kila mtu alikuwa ameshaisoma. Nikaandika kwamba nimevunja siri ya mgonjwa, waifute kwenye simu zao, na kwamba kesi za Ijumaa tuzisimamishe kwanza. Nilijua pia kwamba kabla ya kumaliza zamu nitakwenda kwa sista mkuu, Sista Devota, nimweleze yote, na kwamba huenda nikasimamishwa masomo, na baba yangu ataulizwa mtoto kafanya nini. Hayo yalikuwa makubwa. Lakini macho yangu yalikuwa mlangoni tu. Kwenye mlango ule angeweza kutoka mama na kiroba chake, na mtoto nyuma yake anamsihi.

Kengele ya saa nane ikalia. Wageni wakaanza kutoka, mabakuli matupu, watoto migongoni. Nikamtazama kila mwanamke aliyetoka. Walitoka wa kitanda cha kwanza, wakatoka wale waliokuwa wanaomba. Baraza likawa tupu. Philbert alitoka wa mwisho, peke yake, macho mekundu, kwenye kiganja ameshika vibana vya nywele vya mama yake.

“Nimemfumua,” akasema. “Vibaya, lakini nimemfumua. Amerudi kulala.”

Nikaiweka simu mfukoni.

“Anauliza kama Jumatatu asubuhi zamu ni yako.”

“Ni yangu. Wasiponisimamisha. Nakwenda kumwambia sista mkuu sasa hivi.”

“Nimemwambia ni yako,” akasema. “Amesema basi, wewe ndiye umsindikize mpaka mlango wa upasuaji. Amesema mimi nitamtia woga.”

“Na wewe, Phil?” nikamuuliza. “Wewe unasemaje?”

Alifikiri. Nilimpenda kwa kufikiri, hata wakati ule, hata nikiogopa atakachosema.

“Mimi bado, Kudra,” akasema. “Siwezi kukudanganya. Bado.”

Nikatikisa kichwa kukubali. Basi la kurudi Iringa lilikuwa linaondoka saa tisa, na nilijua analijua. Akaliangalia begi lake, halafu akakaa kwenye benchi nililokalia, mwisho kabisa wa upande wa pili, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Nilitakiwa niende ofisini kwa Sista Devota, lakini nilikaa dakika tano zaidi. Nilikuwa naogopa kuisogelea ile nafasi, na nilikuwa naogopa kwamba nikinyanyuka, nikirudi nitakuta benchi tupu.